Mutu Hakulake Mbegu: Kumkumbuka Koko Wetu

Maneno yaliyosomwa Baraka, kwa niaba ya wajukuu, siku ya kuondoa matanga, mbele ya wanachama wa shirika letu na wageni



Kwanza tuseme asante. Toka siku ya kilio mpaka leo hamkutuacha peke yetu. Kese ya shirika ilinunua mbao za jeneza. Wamama walileta kuni, sombe na unga, wakapika siku zote za matanga bila kuhesabu. Vijana walichimba kaburi na hakuna aliyeuliza malipo. Sisi familia tumeona, na hatutasahau.

Tumeombwa tuseme historia ya maisha ya marehemu. Sisi wakubwa tulimwita Koko. Wadogo waliozaliwa kambini walimwita Bibi, kama walivyosikia kwa Watanzania, naye aliitikia yote mawili. Leo tutamwita Koko tu. Jina lake kamili ninyi mnalijua, na yeye mwenyewe hakupenda liandikwe kwenye makaratasi ya mashirika kama hayupo karibu kuuliza ni ya nini.

Tarehe ya kuzaliwa hakuijua. Alichojua ni kwamba mwaka wa Uhuru, 1960, alikuwa msichana wa kubeba maji toka mtoni bila kuyamwaga njiani. Wakati wa Mulele, mwaka 1964, watu wengi wa Fizi walikimbilia msituni na milimani, naye alikuwa kati yao. Huko ndiko alikojifunza, kwa mama yake mzazi, neno ambalo sisi wote tulilisikia mpaka tukachoka: «Mutu hakulake mbegu.»

Tulipokuwa watoto tulidhani ni neno la shamba tu. Mwaka 1996 tuliona ni neno la namna gani. Vita ilipoingia Kivu Kusini, tulivuka ziwa Tanganyika kwa mtumbwi tukielekea Kigoma. Koko alibeba Biblia, sufuria moja, na vikombe viwili vya maharagwe ya mbegu vilivyofungwa kwenye pindo la kitenge. Njaa ilikuwa kali. Tulilia, na sufuria ilikuwepo, na maharagwe yalikuwepo. Koko hakuyapika. Tulipofika ng'ambo, alikwenda nyumba kwa nyumba akiomba kazi ya kutwanga, na jioni akarudi na unga. Tulikula ugali kwa chumvi. Maharagwe yalibaki kwenye kitenge.

Wengine wanaweza kusema huo ni moyo mgumu. Hata kati yetu wajukuu kuna waliolisema, na Koko alilisikia. Hakukasirika. Alijibu: «Leo mungekula mara moja. Kesho mungelilia nini?»

Tuliishi Lugufu toka 1997. Ninyi mliokuwa kule mnajua maisha yalivyokuwa. Unga wa mahindi, maharagwe ao njegere, mafuta, chumvi. Kutoka zaidi ya kilomita nne toka kambini ilikatazwa, kwa hiyo mkulima alikuwa mtu wa kukaa na kungojea siku ya kugawa chakula. Koko hakukubali kukaa. Nyuma ya nyumba alilima kipande ambacho leo tungekipima kwa mkeka. Kila mvua alipanda yale maharagwe, alivuna, alichagua mazuri kwa mbegu, yaliyobaki tukala. Alifanya hivyo miaka kumi. Mume wake, tate yetu, alifariki kule kambini, akazikwa kule. Watoto walizaliwa kule. Na sisi tulisoma kule, kwa mpango wa masomo wa Kongo na kwa Kifaransa, juu ya wazee wetu walisema tutarudi, na mtu anayerudi lazima cheti chake kieleweke nyumbani.

Mwaka 2007 tulirudi. Meli ilitutoa Kigoma ikatufikisha hapa Baraka. Tulipewa shitingi, sufuria, mablanketi, majembe na chakula cha miezi michache. Wafadhili, tunawaambia wazi: vitu vile vilitusaidia. Bila ile shitingi mvua ingetuua. Lakini tulipofika shambani kwetu, upande wa Mutambala, tulikuta watu.

Hapa tutakaa kidogo, maana wengi kati yenu mna shida kama hiyo mpaka leo.

Ilikuwa familia iliyokimbia vita toka milimani. Walikuwa wamelima shamba la Koko miaka kadhaa. Walikuwa na watoto, na walikuwa na muhogo uliosimama, uliobakiza karibu miezi minane uive. Vijana wa familia yetu walitaka kuwaondoa siku ileile. Haki ilikuwa upande wetu, wazee wa kijiji walijua, mipaka ilijulikana. Koko alikataa. Alikwenda kwa chefu wa kijiji, akaomba baraza la wazee likae, na mbele ya wote aliuliza yule baba swali moja: «Muhogo huu uliupanda wewe?» Akajibu, ndiyo. Koko akasema, basi ni wako, vuna, miye nitangoja.

Walipatana hivi. Ile familia itavuna muhogo wake wote. Kisha itarudisha shamba, lakini itabaki kulima sehemu ya chini kwa misimu mitatu, mpaka ipate mahali pengine. Na wao watampa Koko miti ya muhogo ya kupanda, kwa sababu sisi tulirudi na maharagwe tu. Mtu aliyetoka ukimbizini hana mti wa muhogo. Muhogo haubebwi miaka kumi kwenye kitenge.

Kwa hiyo mbegu ya kwanza ya muhogo ya Koko ilitoka kwa watu tuliotaka kuwafukuza. Siku ya maziko, baba wa ile familia alifika na wanawe, wakabeba maji ya kuchanganya saruji ya kaburi. Wengine kati yenu mliuliza wale ni nani. Ndio hao.

Pale ndipo kazi yake ambayo ninyi mnaijua ilipoanzia. Muhogo ulipokomaa, Koko alianza kukopesha miti. Fungu lake lilikuwa miti 30, kila mmoja mita moja. Ukikata kila mti vipande vinne, unapata vipande 120, na ukipanda mita moja kwa mita moja, ni bustani ndogo ya hatua kumi na kitu kila upande. Ni kidogo. Lakini shina moja lililokomaa vizuri linaweza kutoa vipande nane mpaka kumi, na mwaka unaofuata mwenye bustani ndogo ana miti ya kupanda shamba la kweli.

Masharti yake yalikuwa mepesi kuyasema na magumu kuyavunja. Ukichukua fungu moja, muhogo wako ukikomaa unatoa mafungu mawili: moja linarudi kwa Koko, la pili unampa mtu mwingine ambaye hana, na Koko anataka kumwona huyo mtu kwa macho. Riba haikuwa yake. Tulimwambia siku moja kwamba benki hazifanyi hivyo. Akasema, benki hazikukimbiaka.

Na hakukopesha ovyo. Alipita mwenyewe shambani wakati majani yangali mabichi. Jani lililojikunja na lenye madoa ya manjano, ule ugonjwa wa mozaiki, alifunga kamba nyekundu kwenye shina lake, na shina hilo halikutoa mbegu hata likiwa nene namna gani. Sisi tuliokwenda chuo kikuu tulifundishwa mambo hayohayo: chagua shina lisilo na ugonjwa, tumia sehemu ya katikati, weka miti kivulini ikisimama, panda mvua inapoanza. Tulipomsomea Koko kaye zetu, alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, halafu akauliza kama mwalimu wetu anauzaka miti.

Jambo lingine alilosimamia ni kulowesha. Muhogo mchungu una sumu, na sumu hiyo inatoka kwa kuulowesha siku za kutosha, kisha kuukausha vizuri. Wakati wa njaa watu wanafupisha, siku moja badala ya tatu, kwa sababu watoto wanalia. Kula muhogo wa namna hiyo kila siku, bila samaki wala maharagwe, kunaweza kupoozesha miguu ya mtoto ao ya mama, na miguu hiyo haiponi tena. Waganga wanauita ugonjwa huo konzo, na katika inchi yetu unajulikana vizuri. Koko alikuwa anapita mtoni asubuhi akiuliza kila mama: «Hii ni siku ya ngapi?» Mama aliyejibu «ya kwanza, lakini nyumbani hakuna kitu» alipewa unga wa Koko wa siku mbili, ili muhogo wake ubaki majini. Unga huo haukuandikwa popote kama deni.

Kwa shamba hilo tulisoma. Ninyi wazazi mnakumbuka: kabla ya masomo ya msingi ya serikali kuwa ya bure mwaka 2019, mzazi ndiye aliyelipa mpaka mshahara wa mwalimu. Koko alilipa kwa unga wa muhogo na mawese, soko kwa soko, franga kwa franga. Alilipia wasichana kama wavulana. Mtu akisema mtoto mwanamke ataolewa tu, Koko alimwuliza kama mwanamume hataolea. Leo kati ya wajukuu wake kuna mwalimu, mkunga, fundi wa baiskeli, wakulima, na sisi tunaozunguka kwenye tereni na mashirika, tukiandika ripoti.

Kuhusu imani yake, wachungaji wamesema mengi na sisi hatutarudia. Alikuwa mama wa sala. Saa kumi na moja asubuhi tulimsikia akitaja majina yetu mmojammoja, na wa mwisho kuamka alijua jina lake limetajwa mara mbili. Zaka yake ilikuwa kikapu cha muhogo mkavu, na kikapu kilikuwa kilekile mwaka wa mavuno na mwaka wa jua kali. Lakini hadithi aliyoipenda kuliko zote katika Biblia ilikuwa ya Naomi. Alisema: «Batu banasemaka Ruthi, Ruthi. Miye ninaangaliaka Naomi. Alikimbia njaa, akazika bwana na batoto ugenini, akarudia mikono mutupu. Na mwishoni ni yeye anabebaka mujukuu.» Kila mchungaji mgeni aliyefika kanisani alipata ombi hilo: afundishe habari za Naomi. Wengine walimfundisha Ruthi, naye akawaambia asante, lakini hakuridhika.

Tunadhani alijiona mle ndani. Naomi hakufika nyumbani kwao siku alipoingia kijijini; siku ile watu walimshangaa tu. Ilihitaji kuwe na mavuno ya shayiri, na kuwe na mwenye shamba aliyeacha masuke yaokotwe. Sisi waliorudi tunajua hilo. Siku ya meli tulipokelewa na kuandikwa. Lakini Koko alikuwa akisema kwamba yeye alirudi Kongo ile siku alipompa mtu mwingine fungu lake la kwanza. Kabla ya hapo, alisema, alikuwa mgeni mwenye shamba.

Ugonjwa wake haukuwa mrefu. Alilala wiki mbili. Wiki ya kwanza alikuwa akiuliza kama mvua imeanza. Wiki ya pili hakuuliza tena, na sisi tukaelewa.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo familia imetutuma tuwaambie leo.

Koko hakujua sana kuandika, kwa hiyo wajukuu tulimwandikia. Kuna kaye moja ya shule ambamo kila aliyechukua fungu ameandikwa. Tulipoifungua baada ya maziko, tulikuta nyumba 23 ambazo muhogo wao haujakomaa ao hawajarudisha. Kwa masharti ya Koko, ni mafungu 46.

Baraza la familia lilikaa mara tatu juu ya mafungu hayo, na hatutawaficha kwamba halikuwa rahisi. Miti ya muhogo ina bei sokoni, hasa mvua inapoanza. Mmoja wa baba zetu wadogo alisema hii ni mali ya urithi kama mali nyingine: mafungu 23 ya Koko yauzwe, tulipe masomo ya watoto. Hakusema kwa tamaa. Ana watoto sita wanaosoma. Wengine walisema madeni yote yafutwe, marehemu apumzike. Hilo nalo lilionekana jema, mpaka shangazi mkubwa aliposema: mkifuta, wale watu 23 ambao wangepokea fungu la pili watapata wapi?

Tangu mwanzo wa mwaka 2025 tumeona tena watu wa Kivu Kusini wakivuka kwenda Burundi kwa maelfu. Wengine wamekimbilia kwa ndugu zao, vitu vyao kichwani. Watu hao wanafanana na sisi wa 2007: siku watakapopewa kipande cha kulima, hawatakuwa na mti hata mmoja. Tulipoangalia hilo, baraza lilifika mahali pa kuelewana, na baba mdogo mwenyewe ndiye aliyemaliza maneno.

Uamuzi ni huu. Deni halifutwi wala haliuzwi. Mafungu 6 yatabaki kwa kupanda upya shamba la mbegu la Koko. Mafungu 40 yatakwenda kwa nyumba 40, waliorudi karibuni ao waliokimbia wakafika kwetu, kila nyumba fungu moja, kwa masharti yaleyale. Shamba la mbegu litasimamiwa na baba mdogo tuliyemtaja: mizizi ni yake, ya kula na ya kuuza kwa ajili ya masomo, miti ni ya shirika. Na mabinti wa Koko watalima sehemu zao katika shamba kama ndugu zao wanaume. Sheria ya Familia ya inchi yetu haitofautishi mtoto mwanamke na mwanamume katika urithi, na Koko mwenyewe alizungusha mipaka hiyo pamoja na wazee akiwa angali mzima. Wazee hao wako hapa.

Kaye tunaikabidhi leo kwa mwandishi wa shirika. Wale 23, msiogope. Hakuna atakayetajwa jina hapa, na hakuna atakayepigiwa hodi na polisi. Koko hakudai hivyo. Mtu ambaye shamba lake liliharibiwa na ugonjwa ao na maji aje aseme, atangojewa msimu mwingine. Lakini mwenye muhogo uliokomaa ajue kuna nyumba inayomngojea.

Wafadhili wetu, tuna neno moja kwenu pia, na tunalisema kwa heshima, kwa kuwa sisi wengine tunafanya kazi upande wenu. Katika ripoti tunaandika ni nyumba ngapi zimepokea. Ni lazima kuandika. Koko alikuwa anahesabu kitu kingine: ni nyumba ngapi zimetoa. Mtu aliyepokea anaandikwa siku moja na kazi imekwisha. Ili kujua kama ametoa, lazima urudi kumwona baada ya mwaka mmoja ao mwaka na nusu, muhogo ukikomaa. Miradi mingi inakuwa imefungwa wakati huo. Kuna mradi mmoja uliotuletea mbegu mvua ikiwa imekwisha kupita katikati. Watu walizila, na hatukuweza kuwalaumu. Kwa hiyo tunaomba mambo matatu tu. Msaada wenu wa mbegu ufike kabla ya mwezi wa tisa. Mtusaidie kuleta mtaalamu wa kukagua mashamba ya mbegu, kwa mfano toka kituo cha utafiti cha INERA Mulungu, ili tusigawe ugonjwa tukidhani tunagawa chakula. Na mturudie kutuuliza mwaka wa pili.

Wanachama wenzetu, mvua ziko karibu. Jumamosi ijayo, asubuhi na mapema, tutakuwa kwenye shamba la Koko na kamba nyekundu kukagua mashina. Kila anayeweza aje na panga. Wamama wa kanisa wamesema wataleta chai.

 Mungu aliyetuvusha ziwa mara mbili awalinde nyumbani mwenu. Koko wetu apumzike kwa amani.

Bwana asifiwe. Amina.